Shingo ya Dereva Jalia

Naguru, Kampala
14 Januari 2025

Haboba mpendwa,

Asalaam aleikum. Abdunoor anasema basi lake linaondoka leo jioni na kesho barua hii itakuwa mkononi mwako hapo Kibra. Wewe kwenye simu husikii vizuri, na mimi kwenye simu sisemi vizuri, kwa hiyo naona barua inatufaa sote wawili.

Mitihani ya kidato cha sita nimemaliza, nasubiri matokeo. Lakini si hilo lililonifanya niandike. Mama amenikataza kukuambia jambo hili, na nakuomba usimwambie kwamba nimekuambia.

Shingo yake haikushikwa na baridi. Kati ya mifupa ya shingo kuna diski, vitu laini kama mito midogo, na mbili za Mama zimepasuka na kubana mishipa ya fahamu. Maumivu yanaanzia shingoni, yanapita begani, mpaka kwenye vidole vya mkono wa kulia. Vidole viwili vimekufa ganzi. Juzi alishika kikombe, kikaanguka, naye akasema kikombe kilikuwa na mafuta. Hakikuwa na mafuta, Haboba. Mimi ndiye niliyekiosha.

Tumempata daktari wa upasuaji anayeitwa Kasereka, mtu wa Butembo, mpole sana. Alituonyesha picha za shingo akasema, "Mama, hii diski imeisha kazi. Tutaitoa." Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuitoa na kuiunganisha mifupa kwa chuma, ili pale pasicheze tena. Ya pili ni kuweka diski bandia, ambayo inacheza kama ile ya kuzaliwa nayo. Alisema njia zote mbili huondoa maumivu, na si kila mtu anafaa kuwekewa ya bandia. Lakini Mama anafaa, mifupa yake ni mizuri, na kwa kuwa diski zilizoharibika ni mbili, zikiunganishwa zote shingo yake haitageuka kama zamani.

Na kazi ya Mama yote ni kugeuza shingo. Wewe unajua foklifti. Mzigo ukiwa mrefu mbele yako huoni njia, basi unaendesha kwa kurudi nyuma, kichwa kimegeuka juu ya bega, kutwa nzima. Ndiyo maana wanaume wa godauni humwita Mama Rivasi. Meneja amesema wazi: asiyeweza kugeuka vizuri hapandi mashine. Watampa kiti getini.

Bima ya afya anayolipiwa kazini imekubali njia ya kwanza na kukataa ya pili. Wameandika kwamba diski bandia "si ya lazima kwa mgonjwa huyu, ambaye ni dereva na ana vioo." Mama anataka kukubali aunganishwe, yaishe. Mimi nataka tukate rufaa. Nimemwomba anipe muda mpaka Idi. Amekubali, ila kwa uso wa mtu anayemruhusu mtoto acheze kidogo kabla ya kulala.

Sijui nianzie wapi. Unajua mimi hata dukani huwa namwachia mtu mwingine aagize kwanza.

Mjukuu wako,
Nabila

*

Kibra, Nairobi
22 Januari 2025

Nabila wangu,

Waaleikum salaam. Barua nimeisoma mara moja, nikaenda kukaa, nikaisoma tena.

Foklifti ni nini?

Usinijibu. Nimemwuliza Abdunoor, akanionyesha video kwenye simu yake hapo hapo stendi. Kumbe ni lile dubwana lenye meno mawili mbele! Mtoto wangu yuko juu ya kile kitu? Mimi miaka yote hii naambiwa mama yako ni karani wa ghala. Karani! Kila sala ya alfajiri naiombea kalamu yake. Kibra nzima inajua Jalia wa Zuleika ana ofisi na feni.

Nilikasirika mpaka adhuhuri. Baada ya chakula nikamwambia Abdunoor anionyeshe tena ile video. Nikamwuliza, "Na huyu anayeendesha akikosea?" Akasema, "Haboba, akikosea ukuta wa katoni unamwangukia mtu." "Na Jalia amewahi kukosea?" Akasema hajawahi kusikia. Sasa nimebaki nashindwa kujua kama bado nimekasirika.

Mama yako alinificha kwa sababu alipokuwa msichana alitaka kujifunza lori la marehemu babu yako, nami nikamwambia mwanamke wa Kinubi hushona tabaga za kufunikia sinia, hashiki usukani. Amenisikia vizuri sana, ndiyo maana hakuniambia kitu. Sitamwambia kwamba najua. Acha aendelee na ukarani wake.

Wewe andika hiyo rufaa. Mtu mwenye haya ana faida moja: akisema, watu hunyamaza wamsikie. Na usiandike kwa kulia. Bima hawalipi machozi. Waandikie kazi ya mama yako ilivyo, kama ulivyoniandikia mimi. Mimi ni kizee cha Kibra, na nimeelewa kwa nini shingo yake lazima igeuke.

Haboba yako,
Zuleika

*

Naguru, Kampala
9 Februari 2025

Kwa Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nabila ananiandikia kwa sababu nimeshika kazi nyingi kidogo. Mimi sijambo, Alhamdulillah. Shingo ilikuwa baridi tu na sasa imepoa. Ofisini mambo ni mazuri. Karatasi ni nyingi, lakini tumezoea. Nabila hajambo, anakula, anasoma vitabu hata visivyo vya shule. Tunajitayarisha kwa Ramadhani. Nimekutumia kitambaa kwa mkono wa Abdunoor. Usiwe na wasiwasi na sisi. Hatujambo kabisa.

Mwanao,
Jalia

Haboba, hapa chini ni mimi Nabila. Mama ameondoka kwenda kulala chali na taulo chini ya shingo. Aliposema "ofisini mambo ni mazuri" alinikazia macho nisicheke, nami nilijua kwamba wewe unajua, kwa hiyo ilibidi niinamishe uso kabisa kwenye karatasi. Rufaa nimeipeleka, pamoja na barua ya Dk. Kasereka. Nimeeleza habari ya kurudi nyuma na mzigo. Vioo vya foklifti vinaonyesha kilicho mbali, havionyeshi mtu aliyeinama karibu na gurudumu. Hilo nimeliandika pia. Wamejibu kwamba watamtuma muuguzi wao aje nyumbani kumwona Mama. Nina matumaini makubwa. Akimwona atajua.

*

Naguru, Kampala
14 Machi 2025

Haboba,

Ramadhani karim. Muuguzi wa bima alikuja, na mambo yameharibika.

Anaitwa Sista Phelister. Ni mtu mwema, sitaki umchukie. Alipiga hodi mchana, sisi sote tumefunga. Mama alikuwa amelala, mkono ameulaza juu ya mto kwa sababu ukining'inia unawaka moto. Aliposikia sauti ya mgeni aliinuka, akavaa gurbaba yake ile ya rangi ya zambarau, akafukiza udi kidogo, akatoka kama anakwenda harusini.

Sista akauliza, "Mama, habari za afya?"

Mama akasema, "Alhamdulillah, sijambo."

"Maumivu je?"

"Tunamshukuru Mungu. Kuna wanaoumwa zaidi."

Nikasema moyoni, sawa, sasa atamweleza. Lakini Mama akasema, "Karibu chai," naye Sista akasema asisumbuke, na wewe unajua neno hilo kwa Mama ni kama kumwambia fanya haraka. Nilikimbilia jikoni nibebe mimi. Mama aliniondoa kwa jicho tu. Akabeba sinia mwenyewe: birika, vikombe, mandazi, na tabaga yako kubwa juu yake. Alitembea nalo kutoka jikoni mpaka sebuleni bila kumwaga tone, akiwa amefunga. Akakaa akamtazama mgeni anakunywa, akamwuliza habari za watoto wake.

Mimi nilisimama karibu na pazia. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka.

Sista alipoondoka, Mama alifika mlangoni tu, akateleza ukutani akakaa chini. Hakulia. Alisema, "Nishikie mkono huu, Nabila, uinue juu kidogo." Tulikaa hivyo mpaka magharibi.

Juzi barua ya bima ilikuja. Imeandikwa kwamba mgonjwa mwenyewe alisema hajambo, hana malalamiko, anabeba vitu vizito, na hali yake inamruhusu kufunga. Kwa hiyo sasa wameondoa hata ule upasuaji wa kwanza. Wanasema afanye mazoezi na atumie dawa. Tuna nafasi moja tu ya mwisho, kwa daktari mshauri wao.

Dk. Kasereka aliisoma akashika kichwa. Alimpima Mama nguvu za mkono akasema zimepungua tangu Januari, na mshipa ukibanwa muda mrefu huenda usirudi. Akamwuliza, "Mama, kwa nini ulimwambia hujambo?" Mama akamshangaa. "Daktari, mtu ameingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Nimwambie nini?"

Na matokeo ya mtihani yametoka. Nimefaulu vizuri, Haboba. Mama amewaambia majirani mpaka mimi nimejificha chumbani. Lakini furaha yenyewe sijaifikia bado.

Nabila

*

Kibra, Nairobi
21 Machi 2025

Mjukuu wangu uliyefaulu,

Kwanza mtihani. Mimi siko Kampala, kwa hiyo huwezi kunikimbia ukajifiche chumbani. Nimeutangazia msikiti mzima upande wa wanawake baada ya tarawehe, na nikaongeza alama kidogo.

Sasa mama yako. Nimecheka, halafu nikaumia. Alipokuwa mdogo alichomwa na msumari mguuni siku tuliyokuwa na wageni kutoka Bombo. Aliwazungushia maji ya kunawa mikono wote, akamaliza, ndipo akaja jikoni kunionyesha damu. Nami nilimsifu mbele ya watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na ndivyo nilivyomlea. Mgeni haonyeshwi kidonda, anaonyeshwa sinia. Babu zetu walifika nchi hizi na jeshi, wakaachwa katikati ya watu wasiowajua. Kitu walichokuwa nacho ni nyumba safi na neno Alhamdulillah.

Sitaki uwaambie hao watu wa bima kwamba mama yako alikosea. Hakukosea. Alimpa mgeni haki yake. Waambie hivyo hivyo, kwa heshima, na uwaambie baada ya mgeni kuondoka kulikuwa na nini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Sista aliona sinia. Hakuuona ukuta.

Na safari hii usisimame karibu na pazia. Kaa kwenye kiti.

Haboba

*

Haboba, hii ni nakala ya barua niliyompelekea daktari mshauri wa bima. Niliiandika kwa Kiingereza, nimekutafsiria. N.

Kampala
2 Aprili 2025

Kwa Daktari Mshauri,

Mimi ni Nabila, binti wa Bi Jalia, dereva wa foklifti. Mama ameniruhusu niandike kwa niaba yake.

Taarifa ya muuguzi wenu inasema kweli. Mama alisema hajambo. Alibeba sinia. Alikuwa amefunga. Sikanushi hata moja. Naomba tu kuongeza kile ambacho muuguzi hakuweza kukiona.

Katika nyumba yetu, mgeni akikuuliza hali unasema Alhamdulillah. Hilo si jibu la daktari, ni salamu. Bibi yangu akiwa na homa kali husema Alhamdulillah. Baba yangu alisema hivyo siku aliyofariki. Mgeni akiingia, mwenye nyumba humhudumia kwa mikono yake, hata kama watoto wake wamesimama pale. Mama hakuwa anaonyesha kwamba mkono wake ni mzima. Alikuwa anaonyesha kwamba Sista Phelister amekaribishwa.

Baada ya mgeni kuondoka, Mama alikaa chini mlangoni na hakuweza kuushusha mkono mpaka jua lilipozama. Mimi niliushika. Vidole vyake viwili havina hisia. Ukimpa sarafu bila yeye kuangalia, hajui kama amepewa kitu.

Kuhusu kazi yake: mnaandika kwamba ni dereva. Dereva wa gari hutazama mbele. Mama akibeba katoni zilizopangwa mpaka juu, mbele haoni kitu. Kwa hiyo hurudi nyuma, akiangalia juu ya bega, kwenye njia ambayo watu wanapita kwa miguu. Hajawahi kumgusa mtu. Mkimuunganisha pingili za shingo, maumivu yataisha na kazi itaisha, na bima hii anaipata kwa sababu ya kazi. Dk. Kasereka ameandika kwa nini diski bandia inamfaa, nami siwezi kuyaandika hayo vizuri kuliko yeye.

Tunaomba mtuite tuje. Muulizeni Mama nyie wenyewe, ofisini kwenu, mahali ambapo yeye ndiye mgeni.

Wako kwa heshima,
Nabila

*

Naguru, Kampala
24 Aprili 2025

Haboba,

Walituita. Tumetoka huko jana, na leo nimeamka sauti imekauka, ingawa nilisema kidogo tu.

Tulifika mapema, tukakaa mapokezi. Dk. Kasereka alikuja na picha zake kwenye bahasha kubwa. Muda si mrefu akaingia mzee mmoja mrefu anatembea kwa magongo mawili, mguu mmoja umefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka gotini. Mlinzi akaruka kumfungulia mlango. "Habari za asubuhi, Daktari?" Mzee akajibu, "Nzuri sana, ndugu yangu, nzuri kabisa," huku jasho linamtoka. Ndiye alikuwa Dk. Oyat, daktari mshauri mwenyewe. Tuliambiwa aliumia kwenye mechi ya maveterani.

Zamani alikuwa jeshini, na Kiswahili chake ni cha huko, kila sentensi kama amri. Tulipokaa akaanza hivi:

"Mama Jalia. Hali?"

Haboba, tulikuwa tumezungumza nyumbani usiku na asubuhi. Njiani nilimkumbusha tena. Mama akanyoosha gurbaba yake akasema, "Alhamdulillah, Daktari, sijambo kabisa."

Dk. Kasereka alifumba macho. Dk. Oyat akaweka kalamu chini. "Mgonjwa hajambo. Basi sisi tuko hapa kufanya nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kama ulivyosema. Mikono ilikuwa chini ya meza. Nikasikia mtu anasema, "Daktari, mlinzi alipokuuliza habari ulimjibu nini?" na mtu huyo alikuwa mimi.

Dk. Oyat akainua kichwa. Akanitazama. Nikaona nimemtukana mkubwa, nikataka kusema samahani, lakini sauti ile ilikuwa imeshatoka na haikutaka kurudi. Nikasema, "Ulimjibu nzuri kabisa. Na mguu wako umevunjika."

Akautazama mguu wake kama vile ameuona sasa hivi. Halafu akacheka, cheko la tumbo, mpaka magongo yakaanguka chini. "Umenikamata, binti! Hata mke wangu hajanikamata hivi." Mama alinifinya pajani, lakini kufinya kwenyewe kulikuwa kwa upole.

Dk. Oyat akajipangusa macho akamgeukia. "Mama. Sasa siulizi habari. Habari tumemaliza, mimi nzuri, wewe nzuri. Nauliza shingo. Shingo iko vipi?"

Mama akaweka mkono wa kulia juu ya meza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo mbele ya mtu wa nje, "Shingo imeniharibikia, Daktari. Mkono unawaka. Siku nyingine nikiwa juu ya mashine siuhisi usukani, naangalia kwa macho kama nimeushika." Akajaribu kugeuka kuonyesha anavyorudi nyuma. Kichwa kilifika nusu ya bega kikakwama, na uso wake ukabadilika rangi. "Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kwenye mashine pale godauni," akasema. "Waliofuata wawili niliwafundisha mimi. Nikikaa getini sitakufa. Lakini mnaniuliza shingo iko vipi, basi nawaambia. Naitaka igeuke."

Kuanzia hapo wakazungumza madaktari wawili, picha ukutani, kidole hapa, kidole pale. Dk. Oyat aliuliza maswali magumu: kama mifupa haijachakaa, kama kifaa hakitahama, itakuwaje baada ya miaka. Dk. Kasereka alijibu kila moja, na moja alisema hajui, na nadhani hilo ndilo lililompendeza mwenzake zaidi.

Mwisho tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri. Hakuahidi kitu. Lakini mlangoni aliniita. "Binti, unataka kusomea nini?" Nikamwambia sijui bado. Akasema, "Chochote. Ila usikae kimya."

Nje nilitembea na Mama mpaka karibu na soko la Nakawa. Ndipo akasimama, akaninunulia chungwa moja lililomenywa, akanitazama ninavyolila.

Nabila

*

Kampala
6 Mei 2025

Kwa Bi Jalia,

Tumepitia upya maombi yako. Tumeridhika kwamba diski mbili za shingo zimeharibika, mishipa imebanwa, nguvu za mkono zinapungua, na kwamba kazi yako inahitaji mzunguko wa shingo ambao upasuaji wa kuunganisha pingili ungeupunguza. Uamuzi wetu wa Machi umefutwa. Bima italipia upasuaji wa kuweka diski bandia zote mbili, pamoja na mazoezi ya tiba baadaye, kama alivyopendekeza Dk. Kasereka.

Tumewaagiza wauguzi wetu kwamba kuanzia sasa, wakienda nyumbani kwa mgonjwa, wamuulize pia mtu anayeishi naye.

Nakutakia afya njema. Plasta yangu imetolewa jana. Ilikuwa inauma sana.

Dk. Oyat
Daktari Mshauri

(Imetafsiriwa na Nabila. Haboba, sentensi ya mwisho ameiandika yeye kwa mkono.)

*

Kibra, Nairobi
15 Mei 2025

Kwa Jalia, mwanangu, dereva,

Umesoma vizuri. Nimeandika dereva. Najua tangu Januari, na usimguse mtoto, wewe na mimi ndio tuliofichana.

Nakuja. Abdunoor amenipa kiti cha mbele. Nitakaa nawe hospitali, nitapika, na nitawapokea wageni mimi. Wakikuuliza hali, wewe nyamaza, nitajibu mimi, na nitawaambia kila kitu mpaka wakimbie.

Jana pale kisimani Bi Mariamu aliniuliza yule karani wako wa Kampala hajambo? Nikamwambia karani gani? Binti yangu anaendesha dubwana la tani tatu, kinyumenyume. Nikamwonyesha ile video, siku hizi iko kwenye simu yangu.

Mimi ndiye niliyekunyima usukani wa lori. Uliupata mwingine bila mimi. Nataka niuone.

Mama yako

*

Naguru, Kampala
11 Septemba 2025

Haboba mpendwa,

Tangu ulipoondoka Julai nyumba imekuwa kimya mno, na majirani bado wananiuliza yule bibi anayesikia vibaya na kusema vizuri atarudi lini.

Ulimwona Mama alivyotoka chumba cha upasuaji, ulimwona alivyoanza kuhisi vidole vyake kimoja kimoja. Kidole kidogo bado kina ganzi kidogo. Dk. Kasereka anasema huenda kikarudi na huenda kisirudi, na Mama anasema hakuna mtu anayeendesha kwa kidole kidogo. Nguvu za mkono zimerudi. Alimaliza mazoezi yote, hata yale yaliyomchekesha.

Jana ilikuwa siku ya kupimwa kazini. Ulikuwa unataka kuiona, kwa hiyo nakuandikia yote.

Nilikwenda naye. Godauni ni kubwa kuliko nilivyodhani, na harufu yake ni ya sabuni na mbao. Wanaume walikuwa wamejipanga kama watu wanaosubiri mpira uanze. Mmoja akaita, "Mama Rivasi! Wamekuwekea springi?" Mama akajibu bila kugeuka, "Njoo usimame nyuma ya mashine ujionee." Wakacheka wote. Yule akabaki anajikuna.

Mtahini wa usalama ni kijana, ametumwa kutoka nje, hakumjua Mama hata kidogo. Alisoma karatasi yake akamwambia abebe paleti ya katoni zilizopangwa mpaka juu, arudi nyuma nayo kati ya rafu mbili, mpaka mwisho, akiangalia juu ya bega la kushoto.

Mama alipanda. Alifunga mkanda, akainua mzigo kidogo, ukatulia. Kisha akageuza kichwa.

Haboba, kiligeuka. Kidevu kilifika juu ya bega na kukaa pale kama kimewekwa mahali pake. Mashine ikaanza kurudi, polepole, kengele inalia, na njia ile ni nyembamba kiasi kwamba mimi ningeipita kwa woga nikiwa kwa miguu. Hakugusa kitu. Alifika mwisho, akaweka paleti chini kwa utulivu hata vumbi halikuruka.

Kijana akaandika. "Umefaulu, Mama. Unaweza kushuka."

Mama hakushuka. Aliinua mzigo ule ule tena, akausogeza mpaka mahali pa kuanzia, akageuza kichwa upande wa pili, juu ya bega la kulia, lile la mkono uliokuwa unawaka, upande ambao hakuna aliyemwuliza. Akaanza kurudi nyuma tena. Wanaume waliacha kucheka. Mtahini aliinua kalamu kama anataka kumzuia, kisha akaishusha.

Mimi nilikuwa mbele ya mashine, upande wa mzigo. Katoni zilikuwa zimenificha, hakuweza kuniona. Mtu mmoja kando yangu akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikasema, "Ni mama yangu." Akaniuliza nimesemaje, kengele ilikuwa inapiga kelele. Basi nikasema tena kwa sauti ya kufika mwisho wa godauni, na watu wote wakageuka kunitazama isipokuwa yeye, ambaye alikuwa anaangalia njia yake.

Mjukuu wako,
Nabila